Insha ya Sentensi Tatu

Wanafunzi walimwita Mwalimu Duara, naye jina hilo alilijua na kulionea fahari. Kosa moja, duara moja jekundu. Akimaliza ukurasa, loo, daftari utadhani limechinjiwa kuku juu yake. "Samaki mkunje angali mbichi," aliwaambia walimu wenzake. Na kweli, mwisho wa mwaka makosa darasani mwake yalikuwa yameisha kabisa.

Siku hiyo alikuwa anasahihisha, dirisha liko wazi. Insha ya binti wa fundi cherehani ilisema: "Baba yangu ni fundi. Ana cherehani. Nampenda baba." Basi. Kosa hata moja hakuna. Akaandika "Safi sana" na kumpa alama zote kumi.

Mara vicheko nje. Binti yuleyule amepanda juu ya benchi, anawasimulia wenzake. Eti baba yake alimshonea bwana harusi suruali, mguu mmoja mrefu, mwingine mfupi, na muda wa kurekebisha hakuna. "Baba akamwambia, 'Wewe chechemea tu, mwanangu! Watasema mguu ndio mfupi.' Jamani, akachechemea weee, mpaka akasahau, akahamia mguu wa pili!"

Mwalimu naye akacheka hadi machozi. Kisha akaitazama ile insha mezani, kicheko kikamkauka. Akamwita binti ndani.

"Mbona hukuyaandika hayo, mama?"

Binti akainamisha kichwa. "Maneno yake siyawezi, mwalimu. Utayazungushia." Halafu akaongeza kwa upole, kama anayemfariji: "Wote tunaandika yale tunayoyaweza tu."

Aibu iliyoje! Miaka yote hiyo akijisifu kwamba anawafundisha kuandika, kumbe anawafunga midomo. Hata macho ya mtoto yule alishindwa kuyatazama.

"Kaiandike," akasema. "Yote, vyovyote itakavyokuja. Sizungushi kitu."

Kesho yake zikaja kurasa tatu, makosa tele kama mchele uliomwagika. Mkono ukamwasha, kalamu ikatua yenyewe kwenye neno la kwanza. Akauvuta mkono kwa nguvu, akaandika chini kabisa: "Nimecheka sana. Harusi iliishaje?"

Alipomrudishia daftari, binti aliuona wino mwekundu tu, akalifunga palepale bila kusoma.

"Nisamehe, mwalimu," akasema. "Nyingine nitaandika fupi."