Pelagia na Upepo wa Mkono wa Kulia

Saa tisa alasiri, wabeba samaki wa Musoma wanarudi nyumbani. Wanakuja mmoja mmoja kutoka kusini, matenga matupu yakigongana kwenye keria, mashati yamejaa upepo. Pelagia Masatu peke yake anaelekea wanakotoka wenzake.

Amepanda baiskeli nyembamba ya mbio. Hana tenga, hana samaki hata mmoja.

"Mama Kwangu, umesahau nini Bunda?" anamtania mmoja wakipishana.

"Nimesahau bega langu!" anajibu bila kugeuka.

Wenzake wanacheka, naye anacheka. Lakini barabara inapotoka kwenye nyumba na kuingia uwanda mtupu, kicheko kinamwisha. Anashusha kichwa, anaregeza viwiko, midomo yake inacheza kama ya mtu anayesali.

Pelagia ana umri wa miaka thelathini na tatu na watoto watatu, wa kwanza akiwa Kwangu. Kwa miaka tisa amekuwa akibeba samaki kwa baiskeli. Kabla ya kupambazuka hupakia sato na sangara mwaloni Musoma, samaki wanaposhushwa kutoka mitumbwini, kilo hamsini hadi sitini, akawapelekea wateja wake Butiama, mwendo wa kilomita arobaini na kitu. Siku njema humwachia shilingi elfu kumi na mbili. Siku mbaya hurudi na samaki wa mboga tu.

Kazi hiyo ndiyo iliyompa miguu. Mwaka juzi aliingia mbio za baiskeli za Musoma hadi Bunda, zilizoanza asubuhi kwa wakati, akiwa na baiskeli ileile ya samaki, kaivua tenga tu, akamaliza wa nne kati ya wanawake kumi na tisa. Mumewe, Samweli, akauza ndama na kumnunulia baiskeli ya mbio ya mtumba.

"Nilikuwaga najua ana nguvu," anasema Samweli. "Sikujuaga ana mbio."

Mwaka jana, wiki moja kabla ya mbio, fundi wake Gasper akamletea makubwa kutoka Mwanza: magurudumu mawili meusi, ringi zake zina kina cha vidole vinne. Gasper ana karakana ya baiskeli mjini Musoma, na mambo ya magurudumu akianza kuyaeleza, chai hupoa. Ringi ya kawaida, anasema, inaacha spoku ndefu zichape hewa, na kila spoku inakula nguvu za mpandaji. Ringi ya kina inaipasua hewa na kuiacha ifunge nyuma yake taratibu.

"Nilimfungia mbele na nyuma," anasema Gasper. "Hapo ndo nilikosea. Niliangalia mbele yake inavyopita. Sikuangalia ubavu."

Mbio zilipangwa kuanza saa kumi na mbili asubuhi. Mgeni rasmi akafika saa saba mchana, na hotuba yake haikuwa fupi. Wapandaji waliachiwa saa nane, jua likiwa utosini na ziwa limeshaanza kupuliza.

Kwa kilomita za mwanzo Pelagia aliona raha ambayo hajawahi kuiona. "Baiskeli ilikuwa inateleza yenyewe," anasema. "Nikawaza, kumbe wenzangu wa mbele walikuwaga hivi?" Barabara ilipogeuka kusini alikuwa wa pili.

Kwenye uwanda, upepo ukampiga kutoka mkono wa kulia. Gurudumu la mbele likasukumwa kushoto. Mpandaji yeyote angeegemea kulia, upepo unakotoka. Pelagia akaegemea kushoto.

"Mwili uliegemea wenyewe," anasema. "Mimi sikuutuma."

Alitua kwenye mtaro wa mawe. Mtulinga, mfupa ule unaoshikilia bega, ukavunjika. Alikaa nyumbani wiki kumi na moja, mkono umefungwa shingoni, akiwaza swali moja: mtu aliyepanda baiskeli miaka yote hiyo anawezaje kuuegemea mtaro?

Waswahili husema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mfupa uliunga, lakini Pelagia hakupona woga. Aliporudi kazini, kila alipofika kwenye uwanda ule alishuka na kuisukuma baiskeli ya samaki kilomita sita kwa miguu, hata upepo ukiwa mdogo wa kupeperusha kanga tu. Samaki waliokuwa wakifika Butiama saa mbili sasa wakawa wanafika saa nne.

Petronila, mama ntilie wa Butiama, alikuwa mteja wake tangu mwaka wa kwanza. Alivumilia miezi miwili, kisha akatafuta muuzaji mwingine.

"Nampenda sana Pelagia," anasema. "Lakini samaki ya saa nne sio ya saa mbili. Wateja wangu wananitazamaga mimi usoni."

Wakamwacha wateja wengine wawili. Samweli akasema yale magurudumu yauzwe, na baiskeli ya mbio ifuate. Pelagia hakubisha. Anakiri kwamba hata kazi ya samaki alifikiria kuiacha, na akilitamka hilo machozi yanamlengalenga. Hajui kazi nyingine, wala haitaki.

Jibu la swali lake lilipatikana kwa siti.

Siku hiyo alipeleka baiskeli ya samaki kwa Gasper abadilishiwe siti iliyochakaa. Gasper aliifungua, akaigeuza, akaitazama sana. Ilikuwa imelika upande wa kushoto peke yake. Kulia, ngozi ilikuwa nzima kabisa. Akaenda kwenye rundo la siti kuukuu pembeni ya karakana, akachomoa zile za wabeba samaki anaowafahamu. Saba. Zote zimelika kushoto.

"Nikamwita, mama Kwangu, njoo uone. Nyie watu mna ugonjwa mmoja."

Wakakaa chini wakaupigia hesabu ugonjwa huo. Asubuhi wabeba samaki wanapokwenda kusini, upepo hutoka bara kuelekea ziwani, na bara liko kushoto kwao. Alasiri wanaporudi kaskazini, upepo umegeuka, unatoka ziwani, na ziwa nalo sasa liko kushoto. Kwenda kushoto, kurudi kushoto. Kwa miaka tisa Pelagia alikuwa ameegemea upande mmoja, na mzigo wa kilo sitini ulimshikia baiskeli asigundue. Siku ya mbio, kwa mara ya kwanza maishani, alikwenda kusini alasiri, mtupu, juu ya ringi za kina.

"Nilicheka mpaka nikakaa chini," anasema Pelagia. "Halafu nikalia. Nilikuwa nimejiita mjinga miezi yote hiyo. Kumbe ni kazi yangu ndo iko mwilini."

Gasper naye alikuwa na lake la kutubu. Alilitundika lile gurudumu la mbele kwa kamba mlangoni mwa karakana, alasiri, ziwa likipuliza. Alipolielekeza upeponi, lilitulia. Alipoligeuzia upepo ubavu, likapigwa kama mlango usiofungwa komeo. Gurudumu la nyuma limekaliwa na mpandaji, halihangaiki sana, lakini la mbele ndilo linaloshika njia, na upepo ukilikamata umekamata usukani.

Akalifunga la kina nyuma tu. Mbele akamrudishia ringi ya kawaida, nyembamba. "Atapoteza kidogo," anasema. "Bora apoteze kidogo kuliko kupoteza bega la pili."

La mwili hakuna fundi awezaye kulifunga. Ndiyo maana sasa, siku tatu kwa wiki, Pelagia akishamaliza kazi na kula, hutoka tena saa tisa kuelekea kusini, kuutafuta upepo wa mkono wa kulia. Mwezi wa kwanza alishuka mara nyingi. Siku moja alifika katikati ya uwanda, akakaa ukingoni mwa barabara na kurudi nyumbani akisukuma. Wiki iliyofuata alivuka wote bila kuweka mguu chini, akaenda hadi Kabasa, huko Bunda, akanywa soda, akalala kwa shangazi yake.

Samweli hajayauza magurudumu. Lile la mbele linaning'inia ukutani nyumbani, na husema linamkaa rohoni kila anapolitazama. "Bado naogopa," anasema. "Lakini akirudigi kutoka huko, anakuwa mke wangu yuleyule niliyemzoea."

Petronila amerudi pia. Tangu mwezi uliopita, samaki wa Pelagia wanaingia Butiama saa mbili.

Mbio zijazo zimebakiza wiki sita. Ratiba, kama mwaka jana, inasema saa kumi na mbili asubuhi. Pelagia anafuta vumbi kwenye siti mpya kwa upindo wa kanga, anaikagua kushoto, anaikagua kulia. Anaulizwa kama angependa kuwaambia waandaaji lolote kuhusu muda.

Anakung'uta upindo wa kanga.

"Waambie mgeni rasmi asiharakishwe," anasema. "Achelewe tu."