Picha ya Kichwa na Alama za Matenga

Mimi si mtu wa kujisifu, lakini kwa hili nitajisifu, na asiyependa azibe masikio. Kwa miaka mingi, pale Mgeta magari yanapopakia mboga za kwenda Dar, hakuna tenga lililopanda gari bila mimi kulisoma. Wakulima wetu hawaandiki majina. Huyu anafunga utepe wa kanga kuukuu, yule anachora mstari wa mkaa, mwingine anapiga fundo la kamba ya mgomba upande wa kushoto. Mimi nasimama nyuma ya gari, tenga linatuliwa, natupia jicho: la fulani, linashukia soko fulani, pakia! Daftari sikuwa nalo wala sikulitaka.

Kisha kichwa kikaanza kunigeuka. Kwanza jicho la kulia likaingia ukungu, likapona lenyewe, nikapuuza. Baadaye mguu ukawa mzito. Lakini kilichonitisha hasa ni alama: naliangalia tenga, nalijua kabisa, halafu jina la mwenyewe halitoki. Siku moja nikapeleka njegere za mama mmoja mjane soko lisilo lake. Zikaozea huko, jasho lake la msimu mzima likaenda na maji. Alikuja kuniuliza taratibu, bila ugomvi, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Mwenyekiti wa wapakiaji ni mjomba wangu, ndugu wa mama tumbo moja, na kwetu Waluguru neno la mjomba halina rufaa. Akaniambia mbele ya watu, "Mpwa wangu, kapumzike. Kakipime hicho kichwa. Ukileta picha safi, utarudi kazini." Nikasema, "Sawa, mjomba," nikageuka haraka wasinione machozi. Wapo walionong'ona kwamba nimerogwa. Wajinga!

Nikashuka mjini Morogoro, nikapanda basi stendi ya Msamvu kwenda Dodoma. Tulipofika Dumila abiria wote walikuwa madirishani wakinunua vitunguu. Mimi nilikuwa nikirudia alama za matenga kimoyomoyo, nakwama kila mara. Hospitalini wakaniingiza kwenye mashine yao kama bomba, inagonga utadhani mafundi wanapiga bati. Mpiga picha alikuwa Mnyamwezi, mtani wetu. Nilipotoka akanikodolea macho. "Wewe Mluguru, nimepiga picha kichwa kizima, nimekuta kabichi tu!" Nikamjibu, "Afadhali kabichi. Chako kikifunguliwa litatoka vumbi la Tabora." Tukacheka sana. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka tangu niachishwe kazi.

Daktari, binti mdogo mwenye subira, akanionyesha vidoa vyeupe kwenye ubongo. Alisema kinga ya mwili wangu, badala ya kupigana na vijidudu, inashambulia ganda la mishipa ya fahamu, kama panya anavyoguguna waya. Umeme upo, lakini unafika kwa kuchelewa. Kisha akaweka karatasi mezani. Juu kulikuwa na vialama tisa, kila kimoja na namba yake. Chini vialama vitupu, safu kwa safu. Nitaje namba zake upesi mpaka aseme basi. Yaani kazi yangu ile ile! Nikakwama safu ya pili, nikalia kwa hasira.

Nikatundikiwa dripu, nikaanza dawa ambazo sijaziacha hadi leo. Nyumbani nilijichorea alama zote za matenga kwenye vipande vya boksi, nikawa navichanganya na kuvitaja kila asubuhi kabla ya chai, wanangu wakinicheka. Mwaka ulipozunguka nikarudi Dodoma. Vidoa vilikuwa vile vile, ila kipya hakuna. Nikanywea. Daktari akatoa karatasi nyingine, isije ikawa niliikariri ya kwanza. Weee! Nilizitaja namba mpaka kalamu yake ikashindwa kunifuata.

"Makovu yatabaki, mama," akasema, "lakini mawazo yako yamepata njia nyingine ya kupita."

Nikapanda Mgeta na picha kwapani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba." Akaiinua picha juani. "Vidoa si hivi hapa?"

"Ndivyo."

"Basi bado."

Damu ikanichemka. "Mjomba, kwa heshima zote, kazi yangu ni kusoma matenga, si kusomwa mimi kwenye picha! Changanyeni mzigo wa leo, nigeuzeni kisogo."

Wakauchanganya, tena kwa furaha, wambea wale. Nikageuka, nikaanza. Mkaa, Ilala. Utepe wa kanga, Mabibo. Fundo la kushoto, linabaki mjini Morogoro. Sikukosea hata moja. Mwisho likaletwa tenga la karoti lisilo na alama yoyote. Nililizunguka mara mbili. Majani ya juu yalilazwa ncha zikielekea ndani, kamba imezungushwa mara tatu. Anayefunga hivyo Mgeta nzima ni mmoja tu.

"Hili lako, mjomba. Alama umeitoa sasa hivi wakati wanachanganya. Unanitega!"

Vigelegele! Aliyevianzisha ni yule mama mjane. Mjomba alicheka mpaka akakohoa, kisha akanirudishia picha yangu.

"Hii kaiweke nyumbani," akasema. "Gari linakungoja."

Tenga la kwanza nililopakia lilikuwa la njegere za yule mama. Hakuuliza linakwenda wapi.