Meza ya Mama, Juu na Chini

Mama aliponunua meza ya kioo, alitupigia simu mimi na dada yangu mkubwa akatutangazia kwamba ile ya zamani lazima itoke nyumbani kwake Mukurweini kabla ya Jumapili, la sivyo angeifanya kuni za kuchemshia githeri, mahindi na maharagwe yake. Sote wawili tuliitaka. Ni pale tulipofanya kazi za shule, tuliposali, tulipokatazwa kuongea tukila. Marehemu baba aliitengenezesha kwa mbao tatu nene za muhuru, mti mgumu wa upande wa Meru. Kwa majivuno nikasema, "Tutaigawanya."

"Kwa panga?" dada akauliza.

Nikamweleza. Badala ya kuandika kitabu ninachodai kuandika, nimegeuza banda la kuku nyuma ya nyumba yangu hapa Nyeri kuwa karakana. Humo mna msumeno wa mkanda, ukanda mwembamba wa chuma wenye meno unaozunguka magurudumu mawili. Ukisimamisha ubao kwa ubavu na kuusukuma polepole, unaupasua katikati ya unene wake. Unapata mbao mbili za upana uleule, nyembamba zaidi. Meza moja inakuwa mbili.

"Basi mimi nachukua upande wa juu," akasema. "Mimi ndiye mkubwa. Wewe chukua wa chini, Profesa."

Sijawahi kuwa profesa. Hulitumia jina hilo kila ninapoahidi jambo. Lakini iliniuma, kwa sababu niliamini utoto wetu wote uko upande wa juu.

Jumamosi ile, katika baridi na ukungu, aliileta kwa pikapu. Mama alikuja naye, ameketi mbele, kuhakikisha kwamba haitarudi.

Kwetu kitu cha thamani hakiachwi uchi. Makochi yalivaa vitambaa vya kufuma, redio ilikuwa na chake, na meza ilipigiliwa plastiki ya maua tangu siku ilipoingia nyumbani. Ya kwanza ilipochakaa, nyingine ilitandikwa juu yake. Tuling'oa vimisumari kwa koleo, tukabandua plastiki moja baada ya nyingine, na mbao zikatokea. Zilikuwa safi, zinang'aa, kama zimenunuliwa juzi. Hapakuwa na alama ya kisu wala duara la sufuria.

Dada akapitisha kiganja. "Ati hii ndiyo meza yetu?"

"Niliitunza," mama akasema kwa fahari.

Tulipoipindua tukakuta kila kitu. Palikuwa na chingamu zilizokauka, wino, jedwali la kuzidisha la kuibia majibu, ng'ombe wangu mwenye miguu sita, na herufi za jina la mvulana fulani ambazo dada alizifunika kwa mkono akiwa amechelewa.

"Na mimi nikidhani mko kimya mnasoma!" mama akasema.

"Tubadilishane," dada akaniambia.

"Ulishachagua."

"Nilichagua bila kuona."

"Hata mume huchaguliwa hivyo," mama akasema, akaenda kutafuta mahali pa kuketi.

Nikaanza na ubao wa kwanza. Niliweka mwongozo, kile kipande cha chuma kinachoegemeza ubao, ukiwa umenyooka kabisa kama kwenye video, nikasahau kwamba kila mkanda una tabia yake ya kwenda pembeni. Kufika nusu, msumeno ulikuwa umeuacha mstari wangu. Nami, badala ya kusimama, nilisukuma kwa imani. Ukatokea kwenye uso wa juu wa meza, ule uliokuwa safi. Ubao wa chini ulibaki mzima, tena mnene. Wa juu ulichanika kama daftari lililotafunwa na mbuzi.

Dada hakuniita Profesa. Hilo ndilo lililonitisha.

"Baba," mama akasema. Huniita hivyo kwa sababu nina jina la baba yake. "Zima hiyo mashine unywe chai."

Baada ya chai nilipasua kipande cha taka bila mwongozo, nikaona mkanda unapenda kuelekea wapi, kisha nikaugeuza mwongozo uufuate. Mbao mbili zilizosalia zilipasuka vizuri. Tulizifungua tukaona mistari ya ndani, ambayo hata baba hakuwahi kuiona.

Hivyo tukawa na mbao tatu za chini na mbili za juu. Nikamwambia dada achukue za chini zote, maana aliyeharibu ni mimi. Akainua ule wa katikati, wenye ng'ombe, akauweka upande wangu.

"Huu ni wako. Hapa ndipo ulikuwa unajificha na kitabu wageni wakija."

"Utabaki na mbili."

"Nitaongezea mmoja wa juu. Sitaki kubishana, mama anasikia baridi."

Pengo langu nililiziba kwa ubao wa mgrevilea kutoka Karatina. Rangi hazilingani hata kidogo. Nimepiga randa pembeni tu, ng'ombe sijamgusa. Naketi upande huo wa mgrevilea kila asubuhi, na sioni aibu tena kwa kuuharibu ule wa kwanza. Mbao zote sita zingetoka salama, tungegawana sawasawa kama watu waliotoka mahakamani, kila mmoja akaondoka na haki yake, na dada yangu asingekuwa na nafasi ya kunipa chochote.