Msamaha wa Kabla ya Misa

Fundi wa tanuru la shaba la Panda, mwana wa mchimbaji wa mgodi wa Shinkolobwe, mjukuu wa mvuvi aliyemfukuza mamba wa Ziwa Tshangalele kwa sufuria, hakuthubutu kupokea komunyo akiwa na kinyongo na mtu. Kila Jumapili alizunguka kwa majirani akiomba msamaha, kofia kifuani, vidole vyenye makovu ya moto vikiikunja kama chapati, sauti laini kama ya bibi arusi. Jumapili ile alianzia kwa Mama Berthe, mkewe Clotilde akimfuata nyuma.

“Mama, unisamehe. Nilisema kuku yako ni mwizi.”

“Nimekusamehe, baba. Ila weye njo ulianza.”

“Minye? Kuku yako njo ilianza!”

Wakafokeana mpaka kengele ya misa ikalia. Fundi akashtuka, akamvuta mkewe mbele.

“Clotilde, weye bakia hapa, umalize kuniombea musamaha. Minye nakimbilia komunyo!”