Nilivyolisafisha Jina Langu

Kaka yangu aliweka shamba la mama rehani, akachukua pesa na kukimbilia machimboni. Dhahabu hakuiona. Mwenye pesa alitupa muda hadi mvua za kwanza. Zikinyesha kabla hatujamlipa, angelima yeye. Mama hakulia, ila aliacha kula.

Pesa ya kulikomboa ningeipata mahali pamoja tu, kwenye kikundi chetu cha akina mama pale Nyambureti, na huko jina langu lilikuwa limechafuka. Nilikuwa nimechelewesha marejesho mara mbili, maana nilikuwa nauza chakula machimboni, wachimbaji wakala ugali wangu kwa mkopo, kisha wakahamia machimbo mengine. Basi nikaanza kujisafisha. Nilikopa hela nisiyokuwa na shida nayo, nikaifukia kwenye debe la mtama, nikairudisha na riba yake kabla ya siku. Mara tatu nilifanya hivyo. Wenzangu walicheka, eti mtama wangu unakula riba. Nilinuna, lakini sikuacha.

Kwetu mkopaji hapewi kitu mpaka mwenzake mmoja asimame kando yake mbele ya wote. Na aliyesimama naye hakopeshwi mpaka deni hilo liishe.

Siku niliyokwenda kuomba mkopo mkubwa, jirani yangu alitangulia kuomba. Mume wake alikuwa ameangukiwa na kifusi shimoni, mguu umevunjika, na hospitali walitaka pesa. Alinigeukia.

"Mwenzangu, nisimamie. Wewe ndiye wanakuamini sasa."

Mwanamke huyu ndiye aliyenizalisha mtoto wangu wa kwanza. Nikatazama chini. Niliogopa, huo ndio ukweli. Mkopo wake ungenifungia wangu, na shamba lingekwenda. Hakuna mwingine aliyesimama. Zamu yangu ilipofika, mwenyekiti alinisifu kwa uaminifu, na wanawake wawili wakainuka mara moja kunidhamini.

Shamba tulilikomboa. Mama akaanza kula.

Nilikuwa napalilia mahindi pale ng'ombe wa mahari walipopitishwa kwenda kwa yule jirani, ambaye hospitali ilikuwa bado inamdai. Binti yake alikuwa darasa la sita. Kesho yake binti naye akapitishwa, akielekea kwa mume. Aliponiona alisimama, akainama kidogo.

"Shikamoo, mama."

Nikaitikia marahaba, nikaendelea kupalilia.