Mfalme wa Mkaa

Xavérine hakuwa mwepesi wa hasira. Alikulia kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma, alikokimbilia na mama yake kutoka Burundi, na foleni za maji za kule zilimfunza kuvumilia watu. Lakini siku aliyoisoma ile ripoti, ndani ya treni ya kurudi nyumbani kwake Norsborg, pembezoni mwa Stockholm huko Uswidi, aliikunjakunja karatasi mpaka abiria wa jirani akahama kiti.

Alikuwa mkemia, na kazi yake ilikuwa kupima rangi. Makanisa ya kale yanayouzunguka mji wa Stockholm yana picha ukutani zilizochorwa miaka zaidi ya mia tano iliyopita. Xavérine alikuwa akipanda jukwaa la mafundi na mashine yake ya eksirei, akaielekeza ukutani, akajua mchoraji alitumia nini.

Safari hii, katika kanisa moja, walikuwepo wafalme watatu wanaompelekea mtoto Yesu zawadi. Nyuso nyingi kanisani humo zilikuwa zimegeuka nyeusi: malaika, watakatifu, hata Bikira Maria. Hilo halikumshangaza. Zilipakwa rangi yenye madini ya risasi, na risasi ikikaa ukutani miaka mingi husawijika.

Ila usoni pa mfalme wa tatu mashine haikuona risasi hata chembe. Akabandua kipande kidogo kuliko punje ya chumvi, akakitazama kwa hadubini. Mkaa wa mti, uliosagwa. Mchoraji alikuwa amemchora mtu mweusi kwa makusudi. Akaandika hivyo.

Torbjörn, mkuu wake, akaufuta ukurasa huo. Ripoti iliyowafikia wazee wa kanisa, ile aliyoisoma kwenye treni, ilisema nyuso zote zimeharibiwa na risasi, na ikashauri zote zirudishiwe weupe.

Kesho yake Xavérine alimfuata ofisini. "Ukurasa wangu uko wapi?"

"Nakuelewa," Torbjörn alisema kwa upole. "Ungependa awe mweusi. Mtu huona anachotaka kuona."

Damu ilimchemka Xavérine. Miaka kumi na mmoja alikuwa amepima zebaki, shaba na chuma, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba zebaki ameiona kwa kuwa anaipenda! Akatoka bila kuaga, akampigia rafiki yake Nyokabi, Mkenya aliyekuwa muuguzi.

"Achana naye, dada," Nyokabi alimsihi. "Utapoteza kazi bure."

"Bure? Mtu amekaa ukutani karne tano, leo afutwe kwa sababu mimi nimeufyata?"

Jumatano wazee wa kanisa walikutana hapo hapo kanisani. Torbjörn alipoanza tu kuhubiri habari za risasi, Xavérine akasimama na kumtia mashine mkononi.

"Panda upime mwenyewe."

"Xavérine, hapa si mahali pake."

"Ni hapa hapa. Panda!"

Kwa kuwa wote walimkodolea macho, akapanda. Alimpima malaika: risasi tele. Akampima mfalme. Akarudia. Mara ya tatu jasho lilimtoka, na kanisa lile lilikuwa baridi.

"Inasemaje?" aliuliza Josefina, mwenyekiti wa wazee, kutoka chini.

Torbjörn alianza kushuka.

"Wasomee," Xavérine alisema.

"Hakuna risasi," Torbjörn alijibu.

Mfalme hakuguswa. Ukurasa ukarudi kwenye ripoti, safari hii chini ya jina la Torbjörn peke yake. Xavérine aliitupa mezani kwake. "Jina langu liwemo, au nawaandikia wazee mwenyewe."

Ilichukua siku mbili, jina likaingia. Samahani haikuja, na mpaka leo wakipishana ukumbini ni salamu kavu ya "hej" tu.

"Sasa si ufurahi?" Nyokabi alimwuliza.

"Nitafurahi hasira zikiisha."

Hazijaisha. Bado anapanda majukwaa na kupima. Lakini siku hizi, kabla Torbjörn hajaona chochote, wenye kanisa huwa wameshapata nakala ya kila alichokipima Xavérine, yenye sahihi yake.