Mnunuzi aliyekagua gari langu kama ng'ombe

Leo nimeshindwa kuuza gari, na kosa ni la mnunuzi!

Kaja mfugaji mmoja wa Makuyuni, mzee wa rika langu, kuliona lile gari langu la dizeli la viti nane, mtumba wa Japani.

Nikamfungulia boneti. Hata hakuinama.

Akalizunguka, akagonga tairi kwa fimbo, akachungulia viti vya nyuma.

"Mzee mwenzangu, lina ugonjwa gani?"

"Halina. Juzi tu limepanda mlima wa Vugiri bila kukohoa."

"Ng'ombe mzima mwenye maziwa hauzwi. Kama ng'ombe haumwi, basi anaumwa mwenye zizi."



Jamani, mimi na mdomo wangu wote huu, ikabidi niseme kweli. Gari halijawahi kunilaza njiani. Ila mama watoto tumeshamzika, watoto wako Dar, na mimi nazungusha viti saba vitupu kwenda kununua chumvi.

Akagonga tairi tena kwa fimbo.

"Silinunui. Jumapili njoo utupeleke kanisani. Tuko kumi na moja."

Kumi na moja, viti nane!

Nimekubali. Mnicheke tu, lakini leo nimeshaanza kufuta vumbi viti vya nyuma.